Umeokoka Lini? Historia ya Swali Lililoshuka Hadi Kariakoo

Walokole wa zamani, wale wa miaka ya 1940 na 1950, hawakuwa na haya ya kuuliza. Aliyekaa nao kwenye behewa la daraja la tatu, awe mchungaji, karani au mama aliyebeba tenga la kuku, angeulizwa kama ameokoka. Akisema ndiyo, hapo hapo lilifuata swali la pili: lini? Swali la kwanza mtu aliweza kulikwepa kwa kusema anasali kila Jumapili. La pili lilimbana, kwa sababu lilidai siku, mahali na watu walioshuhudia.

Swali hilo halikuzaliwa pwani. Dar es Salaam ilikuwa na Wakristo muda mrefu kabla ya kulisikia. Mmisionari Mjerumani Johann Jakob Greiner alifika mjini mwaka 1887. Miaka kumi hivi baadaye minara miwili ilianza kupanda mbele ya bandari: wa Mtakatifu Yosefu wa Wakatoliki, uliojengwa kati ya 1897 na 1902, na ule wa Walutheri ambao leo tunauita Azania Front, ulioanza 1898. Chini ya minara hiyo Mkristo alijulikana kwa daftari. Jina lake lilikuwemo kwenye kitabu cha ubatizo, halafu cha kipaimara, halafu cha ndoa, na akifa alizikwa na kanisa.

Ukiuliza juu ya hakika ya wokovu, minara hiyo miwili ilikuwa na majibu tofauti tangu Ulaya. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, uliwaonya Wakatoliki kwamba hakuna anayeweza kujua kwa hakika ya imani, isiyoweza kukosea, kwamba amepata neema ya Mungu. Mtu aungame, apokee sakramenti, atumaini. Luther naye alikuwa amefundisha kwamba hakika ipo, ila haimo ndani ya mtu. Iko kwenye ahadi. Shaka zilipomsonga, alijikumbusha kwamba amebatizwa, basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa vitabuni. Usharikani mambo yalikuwa ya kawaida zaidi: umebatizwa, umelipa ahadi yako ya mwaka, huna mke wa pili, basi wewe ni Mkristo mwema na mengine tumwachie Mungu.

Na Kariakoo yenyewe ilikuwa mji wa Waislamu. Jina lake lilitoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, na nyumba zake za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, zilimilikiwa zaidi na Waislamu waliopangisha chumba kimoja kimoja kwa wageni wa bara. Katika mazingira hayo jambo la kesho husemwa kwa Inshallah. Mtu anayetangaza kwamba mbinguni atafika bila shaka alisikika kama mtu asiye na adabu mbele ya Mwenyezi Mungu, na nadhani hata jirani yake Mkatoliki alikubaliana kimoyomoyo na mwenye nyumba.

Kilichobadilisha mambo kilianzia mbali, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Septemba 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda, alikuwa amechoka na kukata tamaa. Hapo Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa familia yenye nafasi. Wakakaa na Biblia wakiipekua habari za Roho Mtakatifu. Church alitoka katika kundi la vijana wa Cambridge walioathiriwa na mikutano ya kiroho ya Keswick, Uingereza, ambako mahubiri yalikuwa juu ya ushindi dhidi ya dhambi sasa hivi, si baada ya kufa. Nsibambi alikuwa na njaa ya jambo hilo hilo kutoka upande mwingine kabisa: alikuwa amechoshwa na kanisa lililojaa watu waliobatizwa na kubaki walivyokuwa.

Moto wa Uamsho, uliowazaa walokole, uliwaka Gahini miaka iliyofuata. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa akifundisha huko. Alifariki Januari 1936, kijana bado, akiwa amejiandaa kwenda kusema na sinodi ya kanisa lake juu ya usingizi wa kiroho wa kanisa hilo, na kifo hicho kiliongeza petroli.

Hapa inafaa tusimame, maana watu husema juu juu kwamba Uamsho ulikuwa wa kulia na kuimba. Kiini chake kilikuwa kutengeneza. Mtu aliyesema ameokoka alitazamiwa kutaja dhambi kwa jina lake, na kama alikuwa ameiba, kurudisha. Wahudumu wa hospitali walirudisha vitu vya hospitali. Karani alipeleka fedha kwa bwana mkubwa ambaye hata hakujua kwamba zimepotea. Waume waliomba radhi kwa wake zao mbele ya watu, jambo ambalo kwa wazee wa wakati ule lilikuwa aibu kubwa kuliko dhambi yenyewe. Kisha kikundi kiliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda uliovuka mipaka bila kutafsiriwa, wakakumbatiana, na juma lililofuata wakakutana tena kuulizana hali.

Kwa hiyo hakika ya mlokole ilikuwa na miguu miwili. Mmoja ulikuwa damu ya Yesu: hakuna cha kuongeza, deni limelipwa msalabani. Kwa huo walikuwa sawa na Luther, hata kama wengi hawakuwahi kumsoma. Wa pili ulikuwa wenzake. Walimjua, walikuwa na ruhusa ya kumwambia kwamba leo uso wake una giza, na yeye alikuwa na wajibu wa kueleza kwa nini. Kutembea nuruni, ndivyo walivyoiita. Wanahistoria wengi huutazama mguu wa kwanza tu, kwa sababu ndio unaoingia kwenye vitabu vya mafundisho. Mimi naona ule wa pili ndio uliobeba uzito.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Uamsho ukaingia Tanganyika kupitia Katoke, chuo cha ualimu cha Waanglikana upande wa magharibi mwa Ziwa Viktoria, na kutoka hapo ukawaingia Walutheri wa Bukoba. Miaka ya 1940 Festo Kivengere, mwalimu kijana kutoka Kigezi ambaye baadaye angekuwa askofu Uganda, alihamia Dodoma kufundisha katika shule ya Alliance, akakaa kwa zaidi ya miaka kumi. Dodoma iko kwenye reli, na reli inaishia Dar es Salaam.

Hivyo ndivyo swali lilivyoshuka mjini, bila mkutano mkubwa na bila kipaza sauti. Lilikuja na waliohamishwa kazi: walimu, wauguzi, makarani wa posta na wa reli. Mlokole aliyefika mjini alitafuta walokole wenzake kama vile Mhaya anavyotafuta Wahaya. Chumba kimoja cha kupanga kilitosha. Viatu vinabaki mlangoni, wanawake kwenye mkeka, wanaume kwenye ukingo wa kitanda, taa ya chemli juu ya sanduku. Mmoja anasimama: Bwana asifiwe. Anataja jina, anataja mwaka aliookoka na kijiji, halafu anaingia kwenye jambo la juma hilo, labda hasira yake kwa bosi au senti alizozidishiwa dukani akanyamaza. Ukumbini, mlango wa jirani uko wazi na kila neno linasikika.

Lakini mji ulikuwa na shida ambayo kijiji hakikuwa nayo. Kijijini, ukisema umerudisha ng'ombe wa watu, kila mtu anaweza kumwona ng'ombe. Mjini nani anakujua? Mtu angeweza kuwa mlokole wa Alhamisi Kariakoo na mwenye nyumba ndogo Magomeni. Shaka ya namna hiyo ilikuwa inautafuna Uamsho hata huko ulikotoka. Uganda, walokole waliomfuata Yona Mondo walianza kusema kwamba kuokoka hakutoshi, lazima mtu aamke tena, aache madeni na mapambo ya dunia. Wenzao waliwajibu kwamba hilo ni kurudi kwenye sheria. Kundi lililozaliwa kwa ajili ya hakika likagawanyika juu ya nani hasa ana hakika.

Dar es Salaam jibu lilikuja kwa njia nyingine, na kwa mtu ambaye hakuwa hata kasisi. Edmund John, Mwanglikana wa kawaida, ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alianza huduma ya uponyaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuifanya hadi alipofariki 1975. Miaka michache tu, lakini watu walimiminika. Walileta wagonjwa, walileta wenye mapepo, na walileta hirizi, kwa maana yeye hakutaka kuombea mtu anayeshika njia mbili. Hapo hakika ilipata sura ambayo mtu wa Kariakoo, Mkristo au Mwislamu, aliielewa bila kufafanuliwa: kama bado una hirizi kiunoni, huna hakika, unaweka akiba pengine. Uchambuzi wa Luther juu ya imani haukuhitajika. Mkono ulioingia kwenye nguo na kutoa kile kikoba cha ngozi ulikuwa umesema yote.

Halafu ukaja mwaka 1977. Juni ya mwaka huo Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita Dar es Salaam, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Tukumbuke kwamba mkutano wake wa Helsinki, mwaka 1963, ulijaribu kueleza kwa lugha ya wakati huu jinsi mtu anavyohesabiwa haki mbele za Mungu, ukashindwa kukubaliana juu ya tamko. Wanateolojia wa kanisa la Luther, juu ya fundisho lenyewe la Luther! Dar es Salaam wajumbe walishughulika na mengine, hasa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, ambao walitamka kwamba kuukataa ni suala la imani yenyewe. Na walipomchagua rais, wakamchagua Josiah Kibira, Askofu wa Bukoba. Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, ndivyo magazeti yalivyoandika, na ni kweli. Lakini alikuwa pia mlokole, mtu wa Uamsho tangu ujana wake, ambaye angeweza kukujibu swali la lini.

Kibira aliishi na miguu yote miwili. Kama askofu wa Kilutheri alibatiza watoto wachanga wasiojua lolote, akiamini kwamba Mungu ndiye anayetenda. Kama mlokole alisimama kutoa ushuhuda. Kitabu chake cha 1974 kilizungumzia kanisa, ukoo na ulimwengu kwa pamoja, na sidhani kama ni bahati tu kwamba ukoo uliwekwa katikati. Kwa mtu wa Bukoba, kujua wewe ni nani bila watu wa kukutambua ni jambo lisilo na maana.

Kizazi kilichofuata kilitoka kwenye vyumba kikaenda viwanjani. Jangwani, bonde la mto Msimbazi mwendo mfupi kutoka sokoni, pakawa mahali pa mikutano ya injili ya siku nyingi mfululizo. Jina lililojaza viwanja vya nchi hii kuliko mengi lilikuwa la Moses Kulola, mzaliwa wa Mwanza mwaka 1928, aliyeanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991 na kufariki Agosti 2013. Mahubiri, wagonjwa kuombewa, kisha wito: anayetaka kuokoka apite mbele. Wanapita, wanafuatisha sala ya toba sentensi kwa sentensi, wahudumu wanaandika majina na mtaa anakokaa mtu. Kazi ya miezi ya kikundi cha walokole sasa ilifanyika kwa dakika chache, na siku ya kuokoka ikawa na tarehe kamili.

Wazee wa Uamsho waliguna. Walisema hao hawajatengeneza kitu, wamerudia maneno tu. Wapo waliosema hivyo kwa wivu, wapo waliosema kwa haki. Lakini muuza mitumba wa Mtaa wa Kongo, anayefungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga usiku, asiye na shangazi hata mmoja mjini, angepata wapi kikundi cha kumkagua kwa miaka? Sala ya toba ilikuwa hakika ya mtu aliye peke yake mjini, na kwa wengi ilikuwa mlango kweli.

Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Ishmael Noko wa Zimbabwe, katibu mkuu wa Shirikisho lile lile la Walutheri, alikuwa miongoni mwa waliosaini. Sehemu fupi ya tamko hilo inahusu hakika ya wokovu. Kwa kifupi inasema mwamini anaweza kutegemea ahadi ya Mungu bila kujitegemea mwenyewe: akitazama udhaifu wake ana sababu ya kuhofu, akimtazama Kristo ana hakika. Miaka 452 baada ya Trento, minara miwili ya bandarini ilikuwa imesogeleana. Kariakoo habari hiyo haikusikika sana.

Kinachosikika Kariakoo ni spika iliyofungwa juu ya mkokoteni, mhubiri akishindana na tangazo la dawa ya panya. Na kwenye mikutano ya injili, wanapopita mbele, mhudumu mwenye daftari amejifunza kuuliza kabla ya kuandika: ndiyo mara ya kwanza, au unarudi? Wanaorudi ni wengi, na baadhi wanarudi kwa mara ya nne. Wahudumu wazoefu hawawahukumu. Wanaandika jina, wanachukua namba ya simu, wanamtafutia mtu wa mtaa wake wa kumtembelea kabla ya Jumapili.