Risasi Iliyo Chini ya Boneti

Betri ya gari ina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitumbukiza mabamba ya risasi ndani ya asidi, akapata betri ya kwanza inayoweza kuchajiwa tena. Gari la Karl Benz lilikuja 1886. Hata hapo, madereva wa mwanzo waliwasha injini kwa kuzungusha hendeli, na ikirusha teke, mkono unavunjika. Charles Kettering akaunda stata ya umeme, ikauzwa ndani ya Cadillac za 1912. Tangu hapo betri na gari ni pete na kidole.

Kinachonishangaza ni kwamba kemia ile bado ni ileile. Kwa hivyo masharti ya mafundi wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, si ushamba. Betri ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu. Sasa wewe unawasha kiberiti uchungulie maji, unatafuta nini? Ukiifungua, anza na waya wa hasi. Ukiirudisha, hasi iwe ya mwisho. Bodi ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hivyo spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, moto unaruka. Maji yakipungua, ongeza yale safi yasiyo na chumvi, si asidi, na usiongeze ya mfereji. Unga ukiota kwenye vichwa, uoshe kwa maji yenye bekingi soda, ukiwa na miwani na glavu. Gari likiwa limepumzika, mita ikisoma volti 12.6, betri imejaa. Ikisoma 12 hivi, iko karibu kuisha.

Lakini mimi naona tunaacha hadithi katikati. Betri ikifa, risasi haifi.

Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa mtaa wao. Moshi ukaingia nyumbani, maji machafu yakapita mlangoni. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, alipimiwa mtoto wake aliyeugua, damu ikakutwa na risasi. Akaacha kazi, akaanza kupambana, hata akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Pesa haiitoi risasi mifupani, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu inashambulia ubongo unaokua.

Ndiyo maana nasema kuitunza betri si habari ya kuokoa pesa ya fundi pekee. Ikidumu mwaka mmoja zaidi, kuna risasi ambayo haijaenda kuyeyushwa kando ya nyumba ya mtu. Na siku ikikataa kabisa, usiipasue, usiimwage asidi mtaroni, usimpe tu yeyote anayepita na mkokoteni. Irudishe dukani unaponunua mpya, na uulize inakopelekwa. Hilo swali, watu wa Owino Uhuru walilipia bei kubwa.