Mafuta gani ya kuskani negativu za zamani?

Leo tunaweka misimbo ya kompyuta kando tuongelee mafuta. Wengi mnaijua Kibarani, pale unapotoka kisiwani Mombasa kupitia Makupa. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa pale, hadi jaa lilipofungwa mwaka 2018. Studio ya picha ikifungwa, maboksi ya negativu huhesabiwa taka kama taka nyingine, kwa hiyo boksi lililosalia kabatini Mji wa Kale ni mali, hata likiwa limejaa mikwaruzo.

Na studio zilikuwepo pwani hii. N. V. Parekh aliwapiga picha watu wa Mombasa wa kila namna, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, Omar Said Bakor alikuwa Lamu. Kazi nyingi za zama hizo ni nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo programu inapokwama. Skana nzuri hutambua vumbi kwa infraredi, ambayo hupenya filamu ya rangi lakini haipenyi uchafu. Fedha iliyomo kwenye filamu nyeusi na nyeupe nayo huizuia infraredi, basi mashine huiona picha nzima kuwa uchafu! Inabaki njia ya wazee: kulowesha.

Mwaka 1878 Ernst Abbe, akifanya kazi na Zeiss, alitumia mafuta ya mwerezi kati ya lenzi ya hadubini na kioo, kwa kuwa hupinda nuru karibu sawa na kioo chenyewe. Mwaka 1957 jarida la wahandisi wa sinema wa Marekani likaeleza namna ya kuchapa filamu ikiwa imezama kwenye kimiminika. Mkwaruzo ni bonde lenye hewa. Lijaze kitu kinachopinda nuru kama plastiki, mwanga hautaliona.

Hesabu ni nyepesi. Namba ya mpindo wa nuru ya hewa ni 1.00, ya plastiki ya asetati takriban 1.48. Tofauti yao igawanye kwa jumla yao, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: karibu asilimia 4 ya mwanga hurudi nyuma. Weka maji (1.33), inashuka chini ya asilimia 0.3. Weka mafuta ya madini (1.47), hakibaki kitu cha kuhesabu.

Mbona tusitumie maji basi? Gelatini huyanywa ikavimba. Mafuta ya nazi yana namba nzuri, 1.45, ila huchacha, na huganda chini ya nyuzi 24. Sinema ilipenda perikloroethilini, ile ya madobi wanaosafisha suti bila maji: takriban 1.50, na hukauka yenyewe. Ni sumu, na Desemba 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kuiondoa hatua kwa hatua. Chumbani kwako isiingie. Petroli ya viberiti nayo hukauka upesi, lakini cheche moja tu...

Mimi nachagua mafuta ya madini yasiyo na manukato, matone machache, upande wa mgongo wa filamu tu, juu ya kioo cha ziada. Ukiyamwaga moja kwa moja kwenye skana yatapenya ndani na utanunua nyingine.

Kuna jambo ambalo namba hazisemi. Mafundi wa studio walikuwa wakichora kwa penseli juu ya negativu kulainisha sura ya mteja, na ili penseli ishike walipaka vanishi. Kimiminika kikali huiyeyusha vanishi hiyo. Mikunjo ya bibi itarudi usoni, kazi ya fundi itakuwa imepotea, na hakuna kitufe cha kutendua. Kwa hiyo iskani kavu kwanza, kisha iinamishe chini ya taa: ukiona mng'ao wa penseli, usiiloweshe.

Inayonuka siki itenge na nyingine. Hiyo ni asetati inayooza, na joto la pwani huiharakisha. Anza na hiyo.