Matangi ya plastiki Juba: Nani hulipa yakipasuka?

Wakazi wengi wa Juba hununua maji ya boza, na katika mitaa kama Hai Mauna tangi la plastiki ni kitu cha lazima. Matangi yanayotoka Uganda na Kenya kwa barabara huingia kupitia Elegu na Nimule, kisha husafirishwa kilomita 192 za lami hadi Juba. Tangi likivuja, mnunuzi humlaumu muuzaji, muuzaji humlaumu mwenye lori, na kiwanda humlaumu fundi.

Sababu za uharibifu

1. Upakiaji. Tangi huburutwa juu ya misumari au hufungwa kwa minyororo. Jua hulainisha plastiki, hivyo kamba iliyokazwa mno huacha bonde ubavuni.

2. Msingi mbovu. Maji ya lita 5,000 yana uzito wa tani 5. Tangi likikaa juu ya mawe au jukwaa lenye mianya, kitako hupinda kila linapojazwa, mwishowe hupasuka.

3. Mabomba. Bomba zito la chuma lisilo na kitegemeo huvuta tundu la kutolea maji hadi lichanike.

4. Matumizi mengine. Tangi la maji halikutengenezwa kwa dizeli wala petroli.

5. Kasoro ya kiwandani. Ukuta huwa mwembamba upande mmoja, au plastiki huwa na vitundu vya hewa.

Dhamana hulipia nini

Kwa kawaida dhamana ya kiwanda hulipia sababu ya tano tu. Hutoa tangi jipya, si nauli, ushuru wala maji yaliyomwagika. Kwa mteja wa Juba, kulirudisha tangi kiwandani kunaweza kugharimu zaidi ya bei yake.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini dhamana ni mkataba wa muuzaji na mnunuzi. Haivuki mpaka yenyewe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu mauzo ya bidhaa humtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi. Hata hivyo, hasara ya njiani hufuata masharti ya mauzo. Kwa EXW, hatari ni ya mnunuzi tangu bidhaa inapokabidhiwa kwake kwenye ghala la muuzaji. Kwa DAP, ni ya muuzaji hadi lori lifike mahali palipokubaliwa, likiwa tayari kushushwa.

Mambo ya kuzingatia

- Andikeni masharti hayo kwenye ankara, pamoja na namba ya tangi.
- Pigeni picha wakati wa kupakia na kabla ya kushusha.
- Dereva na mpokeaji watie saini hati ya makabidhiano inayotaja kila mkwaruzo.
- Jazeni tangi kwenye msingi tambarare na kulikagua kwa saa 24 kabla ya kufunga mabomba.

Ufa mwembamba hauonekani hadi maji yajae. Mpokeaji aliyekwisha kutia saini kwamba mzigo umefika salama atapata taabu kumdai mwenye lori.