Hori la Mtwapa: Historia Fupi ya Utafiti wa Maziwa Pwani

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kiko ng'ambo ya mkono wa bahari unaotenganisha Shanzu na Kilifi. Kiutawala ni cha Kilifi. Lakini kazi iliyokifanya kijulikane na wataalamu wa mifugo wa nchi nyingi ilianzia kwenye swali la Mombasa: watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe watapata wapi maziwa ya chai?

Swali hilo halikuwa dogo. Baada ya uhuru mji ulifurika upande wa bara. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilifunguliwa Changamwe mwaka 1963, bandari ikapanuka, na nyumba za Kiswahili za vyumba vya kupangisha zikasongamana toka Kongowea hadi Mtongwe. Kila chumba kilikuwa na birika lake. Maziwa yaliyotiwa birikani mengi yalitoka nyanda za juu, yakisafiri zaidi ya kilomita 400 kuteremka Pwani, chini ya kampuni ya maziwa ya KCC iliyoshikilia soko la maziwa ya kiwandani mijini mpaka serikali ilipolifungua mwaka 1992. Pengo lililobaki lilizibwa na wachuuzi wa baiskeli, waliotoka mashamba ya bara alfajiri na madumu ya maziwa mabichi.

Kwa nini Pwani isikame ya kwake? Ng'ombe wa Kimijikenda, zebu mwenye nundu, ni mvumilivu wa jua na maradhi, lakini akishanyonyesha ndama wake humbakizia mwenyewe lita moja au mbili. Ng'ombe wa gredi anatoa zaidi, ila mbung'o humletea nagana na kupe humletea ndigana, homa ambayo hata jina lake la Kiingereza limebeba pwani ya mashariki ya Afrika. Akinusurika na hayo, kaskazi inamngoja. Kuanzia Januari hadi Machi upepo unakausha kila jani, na nyasi zinazobaki ni kama ufagio.

Mwaka 1980 Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mradi wa kitaifa wa kuendeleza maziwa. Ulimfundisha mkulima mdogo kumfunga ng'ombe zizini na kumkatia nyasi za nepia. Ulikuwa mpango mzuri, ila ulishonwa kwa vipimo vya nyanda za juu, penye udongo mzito na baridi ya usiku. Ulipoteremka kwenye mchanga wa Kilifi na Kwale ulibana hapa na kupwaya pale, na maafisa ugani hawakuwa na takwimu za Pwani za kuurekebishia.

Takwimu hizo ndizo zilizotafutwa kuanzia mwaka 1988. KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya iliyoundwa mwaka 1979, iliungana na ILCA, kituo cha kimataifa cha mifugo kilichokuwa na makao Addis Ababa tangu 1974, wakaanzisha Mtwapa programu ya utafiti wa maziwa kwa wakulima wadogo wa Pwani. Upande wa ILCA walikuwapo Bill Thorpe, Len Reynolds na mchumi Geoffrey Mullins. Upande wa Kenya walikuwapo Rahab Muinga aliyeshughulikia lishe, Joseph Mureithi aliyeshughulikia malisho na udongo, Njunie wa mimea ya jamii ya kunde, na daktari wa mifugo Maloo. Kwa maoni yangu, busara ya programu ile ilikuwa kuwaweka chini ya paa moja mtu wa hori, mtu wa kupe na mtu wa soko. Vituo vingi vya wakati huo viliwatenganisha, na kila mmoja akaandika ripoti yake asisomwe na mwenzake.

Kiini cha kazi kilikuwa hori. Nepia ni jani la kushibisha tumbo, na likiachwa lirefuke hugeuka kuwa nyuzi. Protini yake huweza kushuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe, ambavyo ndivyo vinavyosaga nyuzi hizo, hukosa naitrojeni ya kujengea miili yao. Vikilegea, chakula hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe haoni njaa, hali, na maziwa hupungua. Kwa hiyo ng'ombe anaweza kusimama mbele ya hori lililojaa huku akidhoofika. Mfugaji akiona hivyo humlaumu mnyama au jicho la jirani.

Dawa ya dukani ilikuwa chakula cha gunia, ghali kwa mkulima wa Kaloleni. Muinga na wenzake wakaigeukia lusina, mti wa majani madogo wenye protini ya asilimia 20 na zaidi, unaoota bila kubembelezwa. Majaribio yao, yaliyochapishwa kati ya 1992 na 1995, yaliwapa ng'ombe chotara nepia ya kula watakavyo, wengine wakiongezewa majani ya lusina kwa vipimo, wengine pumba za mahindi, na wengine wakiachwa na nepia tupu. Waliopata lusina walikula zaidi, hawakukonda sana baada ya kuzaa, na walitoa maziwa zaidi. Kulikuwa na majaribio ya Jersey pia, na ya madume waliopachikwa kizibo ubavuni ili watafiti wachukue majimaji ya tumboni na kuona vijidudu vinafanya nini. Mgeni akiona ng'ombe mwenye kizibo hushtuka. Ng'ombe mwenyewe huendelea kucheua.

Lusina ina kasoro zake. Ina sumu iitwayo mimosini, na katika nchi kadhaa mifugo iliyolishwa lusina nyingi ilinyonyoka manyoya na kuvimba tezi ya shingo. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, ndiye aliyegundua kuwa mbuzi wa Hawaii walikuwa na kijidudu tumboni kinachoivunja sumu hiyo. Mtwapa pigo lilitoka kwingine. Mwaka 1992 kidudu kidogo cha kufyonza utomvu, asili yake Amerika, kiliingia pwani ya Kenya na Tanzania, na machipukizi ya lusina yakaanza kujikunja na kudondoka. Mti ambao programu ilikuwa imeutegemea miaka minne ukageuka vijiti.

Hapo ndipo kituo kilipoonyesha kuwa kina akili ya akiba. Glirisidia, mti mwingine wa malisho ambao kidudu hicho hakiugusi, ilikuwa tayari mashambani mwake. Shaukat Abdulrazak, akiwa pamoja na Muinga, Thorpe na bingwa wa lishe Ørskov wa Scotland, aliweka miti hiyo miwili kwenye mizani moja: madume chotara walilishwa nepia, kisha wakaongezewa glirisidia au lusina, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Glirisidia ilijibu vizuri, ingawa ng'ombe asiyeizoea huisusia siku za mwanzo kwa harufu yake. Abdulrazak baadaye aliongoza baraza la taifa la sayansi na kuwa Katibu Mkuu serikalini. Muinga alikuja kukiongoza kituo chenyewe.

Mureithi aliishika shida kutoka chini. Mkulima wa Pwani hana shamba la mahindi na lingine la nyasi, kwa hiyo alipanda mahindi katikati ya mistari ya lusina, na nepia katika mistari ya namna hiyohiyo, akarudisha samadi ya zizini ardhini na kupima udongo unasema nini. Njunie alijaribu mikunde mingine ya kuchanganya na mahindi au muhogo. Haya hayavutii wapiga picha. Lakini mchanga wa Pwani haushiki rutuba, na nepia inayokatwa kila baada ya wiki chache huula udongo upesi kuliko zao lolote la nyumbani.

Kuhusu maradhi nitapita haraka. Maloo alifuatilia ndama mashambani na kuonyesha ndigana inavyoua na jinsi kufungia zizini kunavyopunguza hatari. Chanjo iliyojaribiwa Kilifi ilitokana na vimelea vilivyokusanywa Marikebuni, na hadi leo jina la kijiji hicho cha Pwani linasomwa kwenye majarida ya tiba ya mifugo na watu ambao hawataweza kukionyesha kwenye ramani.

Upande wa walaji, Mullins na baadaye Steven Staal walizipima kaya za Pwani zinanunua maziwa kiasi gani, ya nani, na kwa nini. Wakati huohuo Jan Hoorweg na wenzake, katika mradi wa Kenya na Kituo cha Masomo ya Afrika cha Leiden, walizilinganisha kaya za Kilifi zenye ng'ombe wa maziwa, zile zilizonunua kwao, na kaya za kawaida. Watoto wa makundi mawili ya kwanza walikuwa na hali bora ya lishe. Ningependa kila ombi la fedha za utafiti lianze na jedwali kama lile, kabla ya lita na kilo.

Ubora wa maziwa huanza horini pia, na hili wachuuzi wanalijua kwa pua. Lusina ikiliwa karibu na wakati wa kukama, harufu yake hupenya hadi kwenye maziwa. Ikitolewa baada ya kukama, haipo. Mashudu ya nazi, ambayo Pwani inayo, huifanya siagi kuwa ngumu, jambo zuri penye joto letu. Ng'ombe wa Jersey huleta mafuta ya karibu asilimia 5, naye Friesian asilimia 3.5, juu kidogo tu ya 3.25 inayotakiwa na kiwango cha Kenya. Kiwango hichohicho kinataka uzito wa maziwa uwe kati ya 1.028 na 1.036 ukilinganishwa na maji. Kipimo kikizama chini ya hapo, mnunuzi wa Bamburi humtuhumu mchuuzi kwa maji ya mfereji, na mara nyingi ana haki. Lakini ng'ombe aliyelishwa nyasi kavu za kaskazi peke yake naye hutoa maziwa mepesi, na mchuuzi mwaminifu hubeba lawama ya hori la mtu mwingine.

Mwaka 1994 ILCA iliunganishwa na maabara ya ILRAD ya Nairobi ikawa ILRI, na mambo mengi yaliyojifunzwa Pwani yakaingia katika mradi wa maziwa wa kitaifa wa 1997 hadi 2005, ule uliosaidia kubadili mtazamo wa serikali kwa wachuuzi wa maziwa mabichi, kutoka kuwafukuza hadi kuwafunza na kuwapa leseni. KARI nayo ikawa KALRO kwa sheria ya mwaka 2013, na Mtwapa ikawekwa chini ya taasisi ya mazao ya viwandani: korosho, nazi na wenzao. Sina ugomvi na mnazi. Lakini mwenye ng'ombe wawili Utange au Shika Adabu anayeitafuta lishe ya mifugo kwenye kibao cha kituo hataiona.

Kuna deni moja ambalo majaribio ya miaka ile hayakulilenga. Mashudu ya nazi na pumba za mahindi zikilowa hushika ukungu, na ukungu huo hutoa aflatoksini, sumu ambayo ng'ombe huibadilisha na kuitoa katika maziwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 Ukambani. Mombasa ina unyevu mwaka mzima, na magunia ya pumba kutoka viwanda vya kusaga nafaka huwekwa sakafuni, mabandani na chini ya miti. Maziwa hayabadiliki rangi wala ladha, kuchemsha hakusaidii. Lusina ilijulikana kwa harufu. Sumu hii inahitaji maabara, na sampuli zichukuliwe horini Kisauni na Likoni wakati wa masika, gunia likiwa bado limelowa.