Deni la Sheria kwa Majeruhi wa Kazi nchini Kenya

Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata shauri lililovutana kwa zaidi ya miaka kumi. Mfanyakazi aliyeumia kazini hawezi kukimbilia mahakamani kumshtaki mwajiri wake. Madai yake sharti yaanzie kwa Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini, kama inavyoagiza Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Chama cha Mawakili kilikuwa kimeipinga sheria hiyo mapema. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikubaliana nacho na kubatilisha vifungu kadhaa, kikiwemo cha 16 kinachozuia mashtaka. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikarejesha vingi kati ya hivyo. Katika miaka hiyo ya vuta nikuvute majeruhi waliendelea kufungua kesi kwa mahakimu, hata mwaka 2023 Jaji Mkuu Martha Koome akatoa maelekezo kuhusu kesi zilizobaki njiani.

Kisheria uamuzi wa 2019 una mashiko. Hata hivyo uliacha deni, na anayelidai ni mfanyakazi.

Ili kuliona deni hilo, inafaa kurudi kwenye mapatano yaliyoizaa fidia ya aina hii. Ujerumani iliyaweka katika sheria mwaka 1884, Uingereza mwaka 1897. Zamani aliyekatwa mkono na mashine ilimbidi kuthibitisha uzembe wa tajiri wake, na mashahidi wake walikuwa wafanyakazi wenzake walioogopa kufutwa. Sheria mpya zikasema kosa lisiulizwe. Mwajiri alipe hata kama hakuzembea, naye mfanyakazi asahau fidia ya maumivu na mateso ambayo huenda hakimu angempa.

Mapatano hayo hayakupokelewa kirahisi. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya rufaa ya jimbo la New York ilitupilia mbali sheria ya namna hiyo, ikisema kwamba kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Kesho yake, Machi 25, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Jimbo lilibadili katiba yake mwaka 1913, likatunga sheria upya, na mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiidhinisha.

Kule aliyelalamika ni mwajiri. Nairobi malalamiko yalitoka upande wa pili: mawakili walisema mfanyakazi ndiye anayenyang'anywa, kwa kufungiwa mlango wa mahakama. Hofu yao haikuwa ya bure, na haiondoki kwa kuambiwa kwamba Bunge lina mamlaka ya kuunda utaratibu mwingine. Swali ni kama utaratibu huo unamfikishia majeruhi kile alichoahidiwa alipoachishwa njia ya zamani.

Ahadi yenyewe ni hesabu fupi. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 96. Kwa ulemavu wa sehemu, huchukuliwa asilimia yake. Fundi anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akilemaa kabisa, anastahili shilingi 1,440,000. Daktari akimpimia ulemavu wa asilimia 10, anastahili 144,000. Hesabu hii haiulizi umri. Kijana wa miaka 22 aliyepoteza vidole na mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu wakilipwa mshahara sawa, wanapata fidia sawa, ingawa kijana atabeba mkono huo kwa miaka 40. Huo ni upungufu mkubwa, lakini angalau hesabu inajulikana mapema na haihitaji ufasaha wa wakili yeyote.

Tatizo zito liko kwenye malipo. Mkurugenzi akishakadiria fidia, mwajiri au kampuni ya bima inatakiwa kulipa. Isipolipa, sheria haikueleza bayana Mkurugenzi ailazimishe vipi. Hivyo majeruhi huishia Mahakama ya Ajira na Leba kuomba uamuzi wa Mkurugenzi ufanywe hukumu, na majaji wenyewe wametofautiana kuhusu njia ifaayo. Mtu aliyekatazwa kuanzia mahakamani analazimika kumalizia huko, akiwa tayari ametumia nauli, miezi na subira kwenye ofisi ya serikali. Hapo mapatano yanavunjika: ametoa haki yake ya kushtaki bila kupata wepesi ulioahidiwa.

Na hayo ni kwa aliyefika kwa Mkurugenzi. Mwajiri ana siku saba za kuripoti ajali, majeruhi ana miezi 12 ya kuwasilisha madai. Kibarua wa mjengo anayeandikwa asubuhi langoni na kulipwa jioni mkononi hana barua ya ajira wala stakabadhi ya mshahara. Nyapara akikana kumfahamu, hata mapato ya mwezi ya kuzidisha kwa 96 yanakosa pa kuanzia.

Jirani wa kusini alichagua njia nyingine. Chini ya sheria ya 2008, Tanzania iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kulipa mafao Julai 2016. Waajiri huchangia sehemu ndogo ya jumla ya mishahara, na Mfuko ndio unaomlipa majeruhi: asilimia 70 ya mapato yake akiwa nje ya kazi kwa muda, na pensheni ya kila mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa wa kudumu. Kibarua asiyeandikishwa hupata shida huko pia. Lakini majeruhi anayetambuliwa hamfuati mwajiri aliyefilisika au kufunga kiwanda.

Kenya inaweza kubaki na bima za kampuni binafsi na bado ilipe deni lake. Bunge lirekebishe sheria ili uamuzi wa Mkurugenzi, muda wa kuupinga ukipita, uwe na nguvu ya hukumu pasipo kesi nyingine. Kisha uanzishwe mfuko wa kumlipa majeruhi kwanza pale mwajiri asipokuwa na bima, na serikali ndiyo imfuate mwajiri huyo.