Masika ya Mazimbu: Kalenda na Maisha ya Wanafunzi katika Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, Morogoro, 1978–1992

Mtu aliyekulia Bugomora, katika pembe ya Wilaya ya Kyerwa ambako Mto Kagera unaacha mpaka wa Rwanda na kushika mpaka wa Uganda, ana Aprili zake za kukumbuka. Aprili 1979 ni mwezi ambao majeshi ya Tanzania, yakiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala tarehe 11 na kuuangusha utawala wa Idi Amin, ambaye askari wake walikuwa wameuvamia mkoa huu mwishoni mwa Oktoba 1978. Aprili 1994 ni mwezi ambao ndege ya Rais wa Rwanda ilitunguliwa usiku wa tarehe 6, na kabla mwezi haujaisha mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamevuka mpaka na kuingia Ngara. Kambi zilifunguliwa pia Karagwe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa bado imeibeba Kyerwa ndani yake.

Zaidi ya kilometa elfu moja kutoka hapo kwa barabara, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kulikuwa na shule ya bweni iliyokuwa na Aprili nyingine kabisa. Shule hiyo ilijengwa Mazimbu na chama cha African National Congress (ANC) cha Afrika Kusini kwa ajili ya vijana wake waliokuwa uhamishoni. Makala haya yanahoji kwamba maisha ya wanafunzi wa Mazimbu hayawezi kueleweka kwa kutazama mihula, mitihani na ratiba ya mabweni peke yake. Kilichoipa shule hiyo umbo lake ni kalenda ya kumbukumbu, ambayo sehemu yake nzito iliangukia katika miezi ya masika. Makala yanahoji pia kwamba kalenda hiyo, ambayo mwanzoni ilikuwa ya wageni peke yao, iliingiliwa na msiba wa wenyeji mwaka 1984, na tangu hapo historia ya shule haiwezi kusimuliwa bila historia ya Tanzania.

Chimbuko la shule lilikuwa maasi ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Maelfu ya vijana walikimbia Afrika Kusini kupitia Botswana, Swaziland na Msumbiji, wengi wao wakiwa hawajamaliza sekondari. ANC ilikuwa na mahali pa kuwapeleka wale waliotaka kupigana, yaani katika kambi za Umkhonto we Sizwe nchini Angola, lakini haikuwa na mahali pa kuwasomesha. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge lililoachwa, lenye majengo machache yaliyochakaa. Masomo yalianza mwaka 1978 huku ujenzi ukiendelea, na wanafunzi wa kwanza walikuwa pia vibarua wa shule yao, wakifanya kazi bega kwa bega na wajenzi wa Kitanzania.

Shule hii ilikuwa ya kimataifa kwa maana pana kuliko tuliyoizoea. Wanafunzi walikuwa wakimbizi. Walimu walikuwa Waafrika Kusini waliochanganyika na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, hasa za Skandinavia, Uholanzi na Uingereza. Fedha zilitoka Sweden, Norway, Uholanzi na kwingineko, na hospitali ilijengwa kwa msaada wa Waholanzi. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, na mtihani wa mwisho ulikuwa ule wa Chuo Kikuu cha London, kwa kuwa cheti chochote cha Afrika Kusini kilinuka ile elimu ya Kibantu ambayo vijana hao walikuwa wameikataa mitaani. Waliongezewa somo la historia ya mapambano na somo la maendeleo ya jamii, ambalo lilikuwa na harufu ya wazi ya Umaksi.

Msomaji aliyepitia bweni katika Mkoa wa Kagera, iwe Ihungo, Kahororo, Rugambwa au Bweranyange, ataitambua sehemu kubwa ya maisha ya Mazimbu bila kuelekezwa. Kulikuwa na kengele, mstari wa asubuhi, zamu za usafi, kazi za shamba, kwaya, michezo na manung'uniko yasiyoisha kuhusu chakula. Mashamba ya shule yalikuwa na mahindi, ng'ombe, nguruwe na kuku, na kila mwanafunzi alitarajiwa kushika jembe. Kulikuwa na baraza la wanafunzi lililopigana na uongozi kama mabaraza yote. Tofauti inaanza pale unapouliza juu ya siku ya wazazi. Katika shule zetu siku hiyo ndiyo kilele cha muhula: mzazi anafika na senene, ndizi na karanga, na mwanafunzi ambaye hakutembelewa hulala mapema. Mazimbu hapakuwa na mzazi ambaye angeweza kufika. Kumwandikia barua kulikuwa kumweka hatarini, maana polisi wa usalama wa Pretoria walifuatilia familia za waliokimbia. Ndiyo maana pia wanafunzi wengi hawakutumia majina yao halisi. Kijana alipewa au alijichagulia jina jipya njiani, akaliandikisha shuleni, akaitwa kwa jina hilo na marafiki zake kwa miaka mitano au sita.

Jambo hili la majina, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa kalenda ya Mazimbu. Katika shule ambako walio hai walificha majina yao, marehemu peke yao ndio walioitwa kwa majina kamili hadharani. Tarehe 21 Machi waliwakumbuka waliopigwa risasi Sharpeville mwaka 1960. Tarehe 16 Juni walikumbuka Soweto, na hapo wengi walikuwa wakizikumbuka sura za wanafunzi wenzao wa darasa moja. Agosti ilikuwa ya wanawake, kwa ajili ya maandamano ya Pretoria ya mwaka 1956, na kuanzia 1982 mwezi huo uliongezewa kifo cha Ruth First, aliyeuawa Maputo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Lakini siku iliyokuwa ya shule yenyewe ilikuwa tarehe 6 Aprili.

Solomon Mahlangu alikuwa kijana wa Mamelodi, Pretoria. Aliondoka nchini baada ya Soweto, akapata mafunzo ya kijeshi Angola, na Juni 1977 akarudi na wenzake wawili wakiwa na silaha. Waligunduliwa katikati ya Johannesburg. Katika purukushani ya Mtaa wa Goch raia wawili wazungu waliuawa. Aliyefyatua risasi hakuwa Mahlangu bali mwenzake Mondy Motloung, ambaye alipigwa vibaya baada ya kukamatwa hata akaonekana hawezi kushtakiwa. Mahakama ikamtia Mahlangu hatiani kwa hoja kwamba walikuwa na nia moja. Alinyongwa Pretoria asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Tarehe hiyo ni ileile ambayo Jan van Riebeeck alitua katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na walowezi walikuwa wameifanya kuwa siku yao ya fahari. ANC iliipa shule ya Mazimbu jina lake mwaka huohuo.

Hapa yafaa tusimame kidogo kwenye juma lile. Ijumaa Mahlangu ananyongwa. Jumatano inayofuata Kampala inaanguka. Mazimbu na Kyerwa zilikuwa katika nchi moja, chini ya rais mmoja, na redio ileile ingeweza kutangaza habari zote mbili. Vitabu vyetu vya shule huyaweka matukio haya katika sura tofauti: moja katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika, jingine katika Vita vya Kagera. Mgawanyo huo unarahisisha ufundishaji lakini unaficha gharama. Nchi iliyokuwa ikilipia vita upande wa kaskazini-magharibi ndiyo iliyokuwa ikitoa ardhi na hifadhi Morogoro. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba mkubwa: sabuni, sukari, nguo na mafuta viliadimika nchini kote. Mazimbu ilipokea nguo na vifaa vya msaada kutoka ng'ambo, na baadhi ya wanafunzi waliviuza au kuvibadilisha na wenyeji, mara nyingi kwa pombe. Uongozi wa shule uliliona jambo hilo kuwa utovu wa nidhamu, na ulikuwa na haki. Hata hivyo, kwa mwanahistoria wa uchumi wa miaka ile ni soko la kawaida kabisa, lililozaliwa na uzio uliowatenga wenye shati la ziada na wasio na shati.

Hii inatuleta kwenye masika ya mwaka 1984, ambayo naamini ndiyo yaliyo mazito kuliko yote katika historia ya jumuiya hiyo. Tarehe 16 Machi Msumbiji ilitia saini Mkataba wa Nkomati na Afrika Kusini, na wanachama wa ANC wakaanza kuondolewa Maputo, wengi wao wakielekezwa Tanzania. Kwa vijana wa Mazimbu, ambao wengi walikuwa wamepita Msumbiji walipokimbia, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Siku tano baadaye ilikuwa Sharpeville. Kisha ikaja tarehe 6 Aprili, kumbukumbu ya mwaka wa tano wa Mahlangu. Na tarehe 12 Aprili, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, akisafiri kwa gari kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, alifariki katika ajali huko Dakawa, karibu na Mto Wami. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi kijana kutoka Afrika Kusini, mwanachama wa ANC.

Dakawa haikuwa mahali pa mbali na shule. ANC ilikuwa imepewa ardhi huko mwaka 1982 kwa sababu Mazimbu ilikuwa imejaa, na ndiko wanafunzi wapya walikoandaliwa kabla ya kuingia madarasani, na ndiko walikopelekwa baadhi ya walioshindwa masomo au nidhamu. Kwa Watanzania wengi Sokoine alikuwa kiongozi aliyetangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka uliotangulia, na alitajwa kuwa anaweza kumrithi Mwalimu Nyerere. Kifo chake kilizaa uvumi ambao haujaisha hadi leo. Si kazi ya makala haya kuupima uvumi huo. Kinachotuhusu ni kwamba msiba wa taifa lililowahifadhi ulikuwa umepita mikononi mwa mmoja wa wageni, katika juma lilelile ambalo wageni hao walikuwa wakimlilia wa kwao.

Maandishi mengi kuhusu Mazimbu, ambayo kwa sehemu kubwa yameandikwa na Waafrika Kusini au Wazungu waliofundisha huko, hulipita tukio hili kwa sentensi chache au kulinyamazia. Maandishi ya Kitanzania kuhusu Sokoine, kwa upande wake, humtaja dereva na chama chake, kisha hayaendi mbali zaidi ya barabara kuuliza ni jumuiya gani iliyokuwa ikiishi Dakawa na kwa nini. Kila upande umebaki na nusu yake ya mwezi. Sidhani kwamba huu ni uzembe tu. Upande mmoja uliona aibu, na mwingine ulikuwa na heshima ya mwenyeji ambaye hamhesabii mgeni makosa mbele ya watu. Tanzania haikuwafukuza. Agosti 1985, mwaka mmoja na miezi minne baadaye, Oliver Tambo alikizindua rasmi chuo cha Mazimbu kikiwa na mabweni, maktaba, karakana, shule ya msingi na kituo cha kulelea watoto.

Kituo hicho cha watoto, kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, kinastahili neno. Wasichana waliopata mimba waliondolewa darasani na kukaa huko na watoto wao kabla ya kuruhusiwa kurudi kwenye masomo, na wenzao wakawaita kwa jina la kituo. Ukilinganisha na shule za Kitanzania za wakati ule, ambako mimba ilikuwa mwisho wa masomo, utaratibu huo ulikuwa wa huruma. Ukilinganisha na wavulana waliowapa mimba, ambao waliendelea kukaa darasani, huruma hiyo inapungua. Hakuna tarehe katika kalenda ya shule iliyowahusu wasichana hao.

Baada ya ANC kuruhusiwa tena nchini mwake Februari 1990, shule ilianza kupoteza sababu ya kuwapo. Julai 1992 ilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, ambayo iliikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo kikuu hicho kilikuwa kimeanzishwa Morogoro mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu miezi michache baada ya kifo chake. Kwa hiyo eneo la Mazimbu leo linaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Majina mawili, la aliyekufa tarehe 6 Aprili na la aliyekufa tarehe 12 Aprili, yanakaa kwenye kibao kimoja. Hakuna ushahidi kwamba yeyote alikusudia kuyakutanisha hivyo. Lilitokana na makabidhiano ya majengo.

Nyaraka za shule, pamoja na barua, kumbukumbu za vikao na karatasi za nidhamu, zilisafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, na mtafiti wa Kitanzania anayetaka kuzisoma hana budi kwenda huko. Kilichobaki Mazimbu ni majengo na makaburi ya wakimbizi waliofia pale kabla ya kurudi kwao, na wanafunzi wanaosomea shahada zao hupita jirani nayo. Wengine wao hutoka Kagera.