Pilipili Manga Iliyofichua Dunia ya Bakteria

Mwaka 1676, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi. Alishuku kwamba punje zake zina vijimiiba visivyoonekana kwa macho. Akaziloweka majini kwa wiki tatu hivi zilainike, kisha akatazama tone la maji yale kwa hadubini. Miiba hakuiona. Alichokuta ni viumbe hai wadogo mno, wamejaa tele na wanaogelea huku na huko. Miongoni mwao walikuwemo bakteria.

Swali lenyewe lilikuwa la kitoto, na nasema hivyo kwa kumsifu. Leeuwenhoek hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya zama hizo. Barua zake kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, aliziandika kwa Kiholanzi. Waungwana wa London hawakumwamini upesi. Ilibidi atafute mashahidi, wakiwemo wachungaji wa kanisa, na Robert Hooke, mwanachama wa chama hicho, akarudia jaribio hadi naye akawaona viumbe hao mwaka 1677.

Hooke hakuwa mgeni wa kazi hii. Kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665 kilikuwa na mchoro wa kiroboto mkubwa kiasi cha kukunjwa ili uingie kitabuni. Samuel Pepys, ofisa wa serikali, alikisoma hadi saa nane za usiku.

Hadubini ya Hooke ilikuwa na lenzi zaidi ya moja, kama hizi za maabara zetu. Lenzi ya chini hukuza kitu, ya juu hukuza tena ile taswira. Ndiyo maana tunazidisha, 10 kwa 40 tukapata 400. Lakini lenzi za karne ile zilikuwa na dosari, na kila iliyoongezwa ilileta zake: ukungu, na rangi za upinde wa mvua pembeni. Tiba ya maana ilikuja mwaka 1830, kwa kazi ya Mwingereza Joseph Jackson Lister.

Leeuwenhoek aliikwepa shida hiyo. Alitumia kijilenzi kimoja, akakibana kati ya vibati viwili vya metali, akaweka ncha ya kushikilia kitu na skrubu ya kukisogeza. Chombo kizima kilienea kiganjani. Kimoja kati ya vilivyobaki, kilichoko Utrecht, hukuza takriban mara 270.

Hapo ndipo mtoto angeanzia, kwenye lenzi moja. Wanafunzi wengi wa kwetu huijua hadubini kwa kuichora na kutaja sehemu zake, huku yenyewe imefungiwa kabatini. Na hata ikitolewa, inageuza taswira: ukisogeza slaidi kulia, kitu kinakimbilia kushoto. Lenzi moja haina mchezo huo.

Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja yenye kijilenzi kimoja, ambayo vifaa vyake viligharimu chini ya dola moja. Njia ya Leeuwenhoek imerudi, safari hii kwa bei ya watoto.

Cha kuanzia ni kitunguu. Bandua utando mwembamba wa ndani, uweke kwenye kioo na tone la maji. Seli zitaonekana zimepangana kama matofali. Dondosha iodini kidogo, viini vitajitokeza. Majina ya sehemu za hadubini yanaweza kusubiri kipindi kijacho.